Binti yangu anamwita shangazi yake "mama". Nikirudishiwa nitamleaje?

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 29, naishi Temeke. Nilitumia unga (heroini) kwa miaka mingi, sasa ni mwezi wa tisa nakunywa methadoni, dawa ya kliniki ya kuachia unga. Mwaka jana jirani alitoa taarifa ustawi wa jamii, na mahakama ikaamua binti yangu wa miaka 6 akae kwa wifi yangu Mbagala. Naruhusiwa kumwona kila Jumamosi. Nikifika hanikaribii, anamwita shangazi yake "mama", na siku nyingine ananiuliza mbele za watu, "Umelewa?" Juzi hasira zilinipanda nikamchapa kofi, wifi akiona. Afisa ustawi anasema shauri litarudi mahakamani baada ya miezi mitatu. Nimwambie nini mwanangu kuhusu niliyoyafanya? Nikirudishiwa nitamleaje? Na nikiteleza siku moja, ndiyo basi tena?

JIBU: Marahaba, dada. Umeuliza mambo matatu, lakini nadhani linalokunyima usingizi ni hilo jina "mama", kwa hiyo naanza nalo.

Mtoto wa miaka 6 humwita mama yule anayemwamsha asubuhi, anayemwogesha, anayemfunga vifungo vya sare na kumuuliza kama amekula. Kwetu mtoto ana mama mkubwa na mama mdogo, na hakuna anayeona kwamba mama mzazi ameibiwa kitu. Binti yako amepata mtu wa kumshika wakati wewe ulikuwa huwezi kumshika, naye amemshika kwelikweli. Ningekuwa na wasiwasi zaidi kama angekaa mwaka mzima kwa wifi yako bila kumzoea yeyote. Mtoto aliyeweza kumwamini mtu mmoja ana uwezo wa kumwamini na wa pili. Usimsahihishe. Usimwambie "huyo si mama yako, mama yako ni mimi," maana hapo unamlazimisha achague, na kwa sasa atachagua usalama. Acha awe na wawili.

Sasa hilo la kutokukaribia. Jaribu kuitazama miaka ile kwa macho yake. Asubuhi ulikuwa na arosto, yaani mateso ya kukosa unga: mwili unauma, sauti kali, kila anachokiomba ni kosa. Ukishapata kete yako ya unga ulikuwa mpole, pengine ukacheka naye, halafu ukasinzia akiwa katikati ya kukusimulia jambo. Uliahidi kurudi jioni ukarudi usiku wa manane. Mtoto anayeishi hivyo hujifunza kumsoma mzazi kabla hajamsogelea. Anaangalia macho, anasikiliza sauti, anatazama mwendo. Wengi huwa hodari mno katika hilo, na huendelea nalo hata baada ya mzazi kuacha, kwa sababu wao hawana njia ya kujua kwamba safari hii ni kweli.

Ndiyo maana anakuuliza "Umelewa?" Najua linakuchoma, hasa mbele za watu. Lakini hana nia ya kukuaibisha. Anakagua kama leo ni salama. Mjibu kama ulivyoulizwa, kwa sauti ya kawaida: "Hapana, sijalewa. Leo asubuhi nimekunywa dawa yangu hospitali. Ukitaka kuniuliza tena, niulize." Ukimjibu hivyo mara nyingi bila kukunja uso, swali litapungua lenyewe. Ukimfokea, atabaki na wasiwasi uleule na hatakuuliza tena, na hapo utakuwa umepoteza kitu kikubwa.

Kuna jambo la dawa linalohusiana na hili. Methadoni hufikia kilele chake mwilini kati ya saa mbili na nne baada ya kuinywa. Dozi ikiwa imekaa sawa, hutakuwa na arosto na wala hutasinzia. Kama unajikuta macho yanafumba ukiwa umekaa na mtoto Jumamosi, usinyamaze: mweleze mhudumu wako wa kliniki ili dozi iangaliwe. Mweleze pia kama umeanzishiwa dawa za kifua kikuu, kwa sababu rifampisini huishusha nguvu methadoni na arosto inaweza kurudi huku unakunywa dozi kila siku. Kwa macho ya mtoto, mama anayesinzia kwa dawa ya hospitali na mama anayesinzia kwa unga ni mtu yuleyule.

Umefanya kazi kubwa kufika mwezi wa tisa. Tangu kliniki ya kwanza ya methadoni ifunguliwe Muhimbili mwaka 2011, tatizo moja halijaisha: wanawake wanaofika dirishani kunywa dozi ni wachache sana kuliko wanaume, na wengi wao hukaa mbali kwa kuogopa kuonekana na kuogopa kunyang'anywa watoto. Wewe unakwenda. Lakini nitakuwa mkweli kwako: dozi peke yake haimfundishi mtu kulea. Mwaka 2007 watafiti wawili wa Australia, Sharon Dawe na Paul Harnett, walichapisha matokeo ya utafiti uliohusisha familia 64 za wazazi waliokuwa kwenye methadoni na wenye watoto wadogo. Waliopata msaada wa malezi nyumbani, kwa wiki kadhaa, walipungukiwa na msongo, na hatari ya kuwadhuru watoto wao ikashuka. Kwa waliobaki na huduma ya kawaida ya kliniki tu, hatari hiyo haikushuka, bali ilipanda. Wazazi hao wote walikuwa wanakunywa dawa. Kilichowatenganisha ni kama kulikuwa na mtu wa kukaa nao juu ya mambo ya kila siku: hasira, usingizi wa mtoto, namna ya kucheza, namna ya kusema hapana. Kwa hiyo mwombe afisa ustawi au mshauri wa kliniki akuunganishe na mafunzo ya malezi yaliyo karibu nawe, na uombe ushiriki wako uandikwe kwenye jalada.

Kuhusu kofi. Mwite afisa ustawi umweleze mwenyewe, kabla habari haijafika kwa mdomo wa mtu mwingine. Mwambie ulichofanya, kilichotangulia, na utakachofanya ikitokea tena. Halafu Jumamosi ijayo mwombe mtoto radhi, kwa maneno machache: "Jumamosi ile nilikupiga. Nilikosea. Hukustahili kupigwa. Nikikasirika nitatoka nje kidogo, halafu nitarudi." Usiongeze "lakini na wewe uliniudhi." Usimuulize kama amekusamehe, maana hilo linamtwisha kazi ya kukutuliza wewe.

Najua wengi wetu tumelelewa kwa fimbo, na kifungu cha 13 cha Sheria ya Mtoto kinakataza mateso na adhabu za kikatili au za kudhalilisha huku kikiacha nafasi ya adabu yenye kiasi. Kwako wewe nasema usimpige kabisa, hata kidogo. Mtoto huyu tayari ana kumbukumbu za mikono yako ikiwa haitabiriki. Na wewe mwenyewe uko katika kipindi ambacho hisia zilizozimwa na unga kwa miaka zinarudi zote kwa pamoja: aibu, huzuni, hasira. Usingizi nao kwa wengi bado haujatulia. Jifunze dalili zako. Kuna anayekaza taya, kuna anayehisi joto shingoni, kuna anayeanza kuongea harakaharaka. Ukiiona dalili yako, simama, mwambie mtoto unakwenda uani na unarudi, unawe uso, unywe maji, kisha urudi kweli. Kurudi ndiko kutakakomfundisha.

Sasa Jumamosi zenyewe, maana hapo ndipo kesi yako ilipo, kuliko hata mahakamani.

Fika saa ileile kila wiki. Kama mmekubaliana saa nne, nenda kanywe dozi mapema ili foleni za Kilwa Road zisikucheleweshe, na saa nne uwe mlangoni. Ukiona huwezi kwenda, piga simu kabla mtoto hajaanza kusubiri, uongee naye mwenyewe. Ni bora umtembelee kwa muda wa saa moja na nusu kila wiki bila kukosa kuliko siku nzima leo na wiki mbili kimya.

Punguza zawadi. Akina mama wengi walio katika hali yako huja na biskuti, soda, nguo mpya, mpaka nauli ya kurudi inakuwa shida. Moyo wa kufanya hivyo naujua, lakini mtoto huanza kungoja mfuko badala ya kukungoja wewe, na siku usipokuwa na hela utaona aibu kwenda. Hiyo aibu imewarudisha wengi kijiweni.

Tenga dakika kama kumi ambazo yeye ndiye mwenye amri. Akitaka rede, chezeni rede. Akitaka kujipikilisha, kaa chini upewe chakula cha mchanga ukisifie. Usifundishe, usimsahihishe, usimuulize habari za shule. Fuata tu, na useme unachokiona: "Naona umeweka mboga kwanza." Inaonekana jambo dogo mno, lakini programu nyingi za malezi zinaanzia hapohapo, kwa sababu mtoto aliyewahi kupuuzwa anahitaji kuona kwamba anatazamwa. Kama bado anaogopa kukutazama usoni, mwombe umsuke. Kwenye kusuka mtoto anakupa mgongo, mikono yako inamgusa kwa upole, na mazungumzo hujitokeza yenyewe. Ukiona anakaza mabega, simama, muulize kama inauma.

Kuna maswali usimuulize kwa sasa: "Unanipenda?" "Unataka kurudi kwangu?" "Shangazi anakutesa?" Kila moja linamweka katikati yenu.

Wakati wa kuondoka, muage. Desturi ya kumtoroka mtoto akiwa amelala au akicheza ili asilie ifutwe kabisa kwenu, kwa sababu yeye ameshaachwa bila kuagwa mara nyingi. Mwonyeshe kwenye kalenda ya ukutani siku utakayorudi, aizungushie kalamu mwenyewe. Huenda akalia. Huenda usiku huo akakojoa kitandani, au Jumapili nzima akawa mkorofi. Mtahadharishe wifi mapema kuhusu hilo, maana asiyejua atasema "kila akija mama yake mtoto anaharibika," na maneno hayo yakifika kwa afisa yana uzito. Kwa watoto wengi vurugu hizo ni hamu na wasiwasi vikitoka nje, na hupungua pale ziara zinapotabirika. Zisipopungua kwa wiki nyingi, au kama anaonekana kukuogopa kweli, mweleze afisa, na ukubali ziara zipunguzwe au zisimamiwe kwa muda.

Na huyo wifi, dada yangu, ni mtu muhimu kuliko hakimu. Usimwone kama mshindani. Amebeba mtoto, ada za mitihani, homa za usiku, na pengine maneno ya majirani. Mshukuru kwa kinywa chako, mtoto akisikia. Changia hata kipande cha sabuni au daftari, kwa kadiri ya uwezo wako na bila kutangaza. Mkikosana, mkosane mtoto akiwa shuleni. Siku mtoto akirudi kwako, asikatwe ghafla kutoka kwa shangazi: na yeye awe na siku zake za kumwona.

Umeuliza umwambie nini. Mwambie ukweli wa kiasi cha umri wake. Labda hivi: "Nilikuwa naumwa ugonjwa wa kutumia unga. Ule ugonjwa ulinifanya nisikutunze vizuri. Haikuwa kosa lako. Watu wazima waliona hauko salama wakakupeleka kwa shangazi. Sasa natibiwa kila siku." Sentensi ya "haikuwa kosa lako" irudie katika siku tofauti. Watoto wa umri huu huamini kwamba mambo hutokea kwa sababu yao: nililia sana, nilimwaga uji, ndiyo maana mama akaondoka. Habari za maskani, polisi, na namna ulivyopata hela, mwachie mshauri wako. Akitaniwa shuleni kuwa ni mtoto wa teja, awe na jibu tayari mdomoni: "Mama yangu anatibiwa." Mfanyie mazoezi mkiwa mnasukana.

Kuna ahadi moja nakusihi usiitoe: "Sitarudia tena." Hujui, na amewahi kuisikia. Ahidi kilicho mkononi mwako: "Nikiumwa tena, hutabaki peke yako. Utakwenda kwa shangazi, utakuwa salama."

Hapo ndipo swali lako la kuteleza linapopata jibu. Tuliangalie kwanza kisheria. Sheria ya Mtoto namba 21 ya mwaka 2009 inasema katika kifungu cha 7 kwamba mtoto ana haki ya kuishi na wazazi wake, isipokuwa mahakama ikiona kuwa kuishi nao kutamletea madhara makubwa, ukatili, au hakutakuwa kwa maslahi yake. Maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulizwa, kwa mujibu wa kifungu cha 4. Na amri ya matunzo, ile ya mahakama inayomwondoa mtoto kwa mzazi, ina kikomo: miaka 3, au mtoto akifikisha miaka 18 kama hilo litatangulia, na mahakama inaweza kuibadilisha kabla ya hapo. Kwa hiyo hakuna "ndiyo basi tena" ya moja kwa moja. Kinachopimwa ni usalama wa mtoto.

Kuteleza siku moja na kumdhuru mtoto ni mambo mawili, na kinachoyatenganisha ni mpango uliowekwa kabla. Mama aliyeteleza huku mtoto yuko kwa shangazi, akampigia mshauri wake siku hiyohiyo, ana tatizo la tiba. Mama aliyeteleza akiwa amefunga mlango na mtoto yuko ndani, hana wa kumwamsha, amemweka mtoto hatarini. Kaa na wifi na afisa ustawi muandike: dalili zipi zinaonyesha mambo yanaharibika (kukosa dozi, kuazima hela, kurudi kukaa na watu wa zamani), nani anaruhusiwa kukuambia ameziona, mtoto anakwenda wapi usiku huohuo, na nani anaijulisha kliniki. Karatasi hiyo ibaki na wote watatu. Siwezi kukuahidi afisa atasemaje siku hiyo ikifika, lakini afisa aliyepigiwa simu na wewe ana nafasi ya kukusaidia ambayo afisa aliyepigiwa na jirani hana.

Jua pia hatari za mwili. Ukikosa dozi siku kadhaa mfululizo, mwili unapoteza uzoefu wa kuihimili dawa, kwa hiyo ukirudi dirishani sema ukweli wa siku ulizokosa ili usipewe kipimo cha zamani. Unga juu ya methadoni unaweza kusimamisha pumzi. Na siku ukiruhusiwa dozi za kupeleka nyumbani, zifungie kwenye sanduku lenye kufuli, usiziweke kamwe kwenye chupa ya soda au juu ya kabati. Kijiko kimoja kinaweza kumuua mtoto wa umri wake.

Sasa miezi mitatu ijayo. Kwa maoni yangu usiombe arudishwe kabisa katika kikao hicho. Najua si ulichotaka kusikia. Omba hatua: kwanza alale kwako usiku mmoja wa wikiendi, kisha wikiendi nzima, kisha likizo ya shule, afisa akitembelea. Omba pia kwamba akirudi, arudi chini ya amri ya usimamizi, ili kuwe na mtu wa kukuchungulia na kukusaidia badala ya kuachwa peke yako siku ya kwanza anapogoma kwenda shule. Peleka kadi yako ya mahudhurio ya kliniki, jina la mshauri wako, mpango mlioandika, na maelezo ya chumba atakacholala. Afisa atatazama chumba hicho kwa macho yake: kitanda, choo, majirani, na umbali wake na kijiwe. Mtoto naye ana haki ya kusikilizwa, kwa hiyo usimfundishe la kusema.

Jambo moja hukuligusa: baba yake yuko wapi? Wifi yako ni dada yake, kwa hiyo hata ukinyamaza habari zake zitafika. Kama mnaishi naye chumba kimoja na bado anatumia, afisa atalianza hilo kabla ya mengine yote, na atakuwa na haki. Mwanamke aliye kwenye dozi akiishi na mwanamume anayeleta kete ndani, kila jioni ni mtihani, na mtoto ataingia katikati ya mtihani huo. Mweleze afisa hali halisi kabla hajakuuliza. Kama baba yuko tayari, muulize mhudumu wako utaratibu wa kumwandikisha kliniki. Kama hayuko tayari, tafuta mahali pengine pa kulala, hata kwa ndugu, kabla ya kuomba usiku wa kwanza na mtoto.